Kelele za Kumlazia Mtoto

Watoto wa bondeni, chini ya Mahurunga, hulazwa kwa kelele. Usicheke, ndivyo ilivyo. Kwingine mama hunong'ona, na mtu akipita nje ya dirisha anaambiwa shh, mtoto amesinzia. Mnong'oneze mtoto wa bondeni uone. Atakukodolea macho mawili makavu mpaka kuche, anakushangaa una nini leo.

Sababu ni mpunga. Mpunga ukishaanza kukomaa, ndege wanashuka makundi kwa makundi, na shamba lisilo na mtu linaliwa kwa siku mbili likabaki mabua. Kwa hiyo mwanamke anapanda dungu, kile kichanja cha miti kinachoinuliwa katikati ya shamba, anakaa huko tangu alfajiri mpaka magharibi. Anapiga kopo, anarusha udongo kwa kombeo, anapaza sauti. Na mtoto yuko mgongoni. Haya, utafanyaje? Ndege wafukuzwe, mtoto alale, na mdomo ni mmoja. Ndipo mabibi wa zamani, Mungu awarehemu, walipotunga wimbo wao wa Kimakonde unaofanya kazi zote mbili. Unaimbwa kwa kupayuka, lakini una mwendo wake, unapanda na kushuka, na mwili wa mama unayumba nao. Ndege wanatoroka, mtoto analala fofofo.

Tena wimbo wenyewe una nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya upande huu wa Ruvuma. Nusu ya pili ni ya upande ule, Msumbiji, kwa sababu huko nako kuna mpunga, kuna madungu na kuna ndege walewale waliofukuzwa huku. Wa upande huu anaita: kwangu amelala fulani, mtoto wa fulani, amemshika fulani, kwako nani amelala, nani hajalala, nani amemshika? Kisha ananyamaza. Wa ng'ambo anajibu kwa kutaja wake. Hakuna anayeimba nusu ya mwenzake. Anayefanya hivyo wanamcheka, wanasema huyo anabisha hodi kwake kisha anajikaribisha mwenyewe.

Sasa katika wanawake wote waliowahi kupanda dungu pale mto unapopinda, hakuna aliyekuwa na sauti ya kumfikia Bi Somoe binti Shabani. Naye alijua. Umri wake hamsini na nane, mwembamba, mrefu, kilemba chake hakijawahi kukaa upande. Ukimsifia sauti hakukwambia ahsante, alikwambia, "Hujaisikia bado. Leo nina mafua."

Mwenzake wa ng'ambo alikuwa Fatuma binti Faraji. Walianza kuitana mwaka mmoja, kila mmoja akiwa na mtoto wake wa kwanza mgongoni, na wakaitana miaka thelathini na minane. Hawakuwa ndugu. Walikuwa wanafahamiana kwa sauti mwaka mzima kabla hawajaonana sura. Baadaye ndipo walipoanza kuvuka kwa mtumbwi, huyu akizaa yule anakuja, yule akifiwa huyu anakwenda, na mkungu wa ndizi kichwani. Nchi mbili, bendera mbili, serikali mbili. Wao waliona maji tu.

Halafu vita vikaingia ng'ambo. Sitavisimulia, waliovikimbia wapo, waulize wao. Vijiji vya upande ule vilichomwa, watu wakatawanyika porini, vivuko vikafungwa, na vita vilipovuka hata maji, upande huu nao watu wakahamishwa kutoka ukingoni wakapanda juu kwenye mikorosho. Bi Somoe alikaa miaka minne kwa binti yake huko Mpapura, akimenya mihogo na kugombana na kila mtu. Wala si kwamba binti yake alimtendea vibaya. Alikuwa anamfikiria Fatuma, na hakuwa na wa kumuuliza.

Mwaka huu serikali ikaruhusu watu warudi kulima bondeni. Bi Somoe alikuwa wa kwanza. Akasimamisha dungu lake palepale, akambeba mjukuu wake Shamimu mgongoni, na mpunga ulipoanza kubeba akapanda juu, akashika kiuno, akaita.

"Kwangu amelala Shamimu, mtoto wa Nasra, amemshika Somoe! Kwako nani amelala, nani hajalala, nani amemshika?"

Akanyamaza, akasikiliza. Maji yalipita. Ng'ambo moshi mwembamba ulionekana nyuma ya matete, kwa hiyo watu walikuwepo. Lakini hakuna aliyejibu.

Kesho yake akaita tena. Na keshokutwa. Alihesabu asubuhi kumi na saba, na kila siku nusu ile ya pili ilibaki tupu, naye hakuijaza.

Wenzake wa bondeni walianza kumkwepa. Watu walikuwa wamezika ndugu zao katika miaka ile, na hofu haikuwatoka. Waliokuwa wakisema "wenzetu wa ng'ambo" sasa walisema "wale". Mdogo wake Ramadhani, ambaye ndiye mwenyekiti wa kitongoji, alimfuata hadi shambani, akasimama chini ya dungu.

"Dada, nakuomba, acha," alisema. "Watu wanalalamika. Hatujui waliorudi kule ni akina nani. Huenda Fatuma hayupo, na wanaokusikia ni watu wengine kabisa."

"Kama ni watu wengine, waseme ni watu wengine. Mdomo si wanao?"

"Na kuna huyu mkuu mpya wa ulinzi. Hana mchezo."

"Hata mimi sichezi, Ramadhani. Naamia ndege wasile mpunga wangu."

Mkuu huyo mpya aliitwa Emmanueli, mtu wa Iringa, mrefu kwa kimo, miaka thelathini na mitano hivi. Aliletwa miezi miwili tu kabla ya hapo kusimamia usalama wa ukingo ule. Hakuwa mtu mbaya, tuseme haki. Alikuwa mtu aliyepewa kilomita nyingi za mto, askari wachache wa kupita ukingoni na bunduki kila asubuhi, na onyo kwamba likipita jambo ataulizwa yeye. Usingizi wake ulikuwa haba, na sababu nyingine ya uhaba huo tutaifikia. Mtu mmoja mwenye simu nzuri na adabu mbovu alimrekodi Bi Somoe akiita, akampelekea, na akamtafsiria maneno kwa Kiswahili. Hebu jiweke katika nafasi yake. Umekaa ofisini, mpakani, baada ya vita, unasikia sauti ya mwanamke inapaa juu ya maji kuelekea ng'ambo: nani amelala, nani hajalala, nani amemshika?

Akamwita.

Bi Somoe alikwenda na kanga zake mpya. Wanawake wa bondeni, walewale waliokuwa wakimkwepa, waliposikia ameitwa hawakukubali aende peke yake. Wao kumlalamikia ni sawa, ila aonewe na mgeni, hapana. Sita wakafuatana naye, kila mmoja na mtoto mgongoni, wakajaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji, na watoto wakaanza kulia kwa joto. Ramadhani alikaa pembeni, kofia mkononi.

"Shikamoo mama," alisema Emmanueli.

"Marahaba, baba. Umeniita, nimekuja."

"Mama, asubuhi unapanda dungu, unapiga kelele kuelekea ng'ambo. Unaongea na nani?"

"Naongea na mtoto. Namlaza."

"Kwa kupiga kelele?"

"Ulitaka nimlaze kwa nini, kwa fimbo?"

Wanawake walicheka. Emmanueli hakucheka. Alitoa simu, akaiweka juu ya meza. "Mama, mimi nina mtoto mchanga nyumbani. Najua mtoto anavyolazwa. Hii hapa si sauti ya kumlaza mtoto. Unauliza nani amelala na nani yuko macho. Unauliza nani ameshika. Ameshika nini? Kila mtu anayelinda mpaka akisikia haya atauliza ninayouliza mimi. Nisikilize, halafu unieleze neno kwa neno."

Akabonyeza. Simu ilikuwa imeunganishwa na spika, na sauti ya Bi Somoe ikajaa chumba mpaka madirisha yakatetemeka. Kama kuna lililomkera Bi Somoe ni kwamba mrekodi alikuwa mbali mno, sauti haikutoka vizuri. Rekodi ilikwenda mara moja, mara mbili, Emmanueli akiisimamisha na kuuliza, yeye akijibu: Shamimu ni mjukuu wangu, Nasra ni binti yangu, yuko Naliendele anapandikiza miche ya mikorosho, Somoe ni mimi, na anayeshikwa ni mtoto, bwana, si bunduki. Mara ya tatu Emmanueli akaiacha iende yote, akiwa ameinamia karatasi yake anaandika.

Alipoinua kichwa, alihisi kuna kitu kimebadilika chumbani. Ilimchukua muda kukijua. Kilio kilikuwa kimekoma.

Alitazama benchi. Mtoto wa kwanza, shingo imelegea. Wa pili, mate yanamtoka mgongoni kwa mama yake. Wa tatu, wa nne, wa tano, wote wamelala, na spika inanguruma juu ya vichwa vyao kiasi cha kumwamsha mtu aliyezimia. Wa sita alikuwa anapambana, jicho moja limefumba, jingine linakataa. Wimbo ulipopanda mara ya mwisho, nalo likafumba.

"Mzee," alisema Ramadhani taratibu, "nadhani hao ni mashahidi."

Chumba kizima kiliangua kicheko, na watoto hawakushtuka hata kidogo. Emmanueli alifunika uso kwa kiganja, mabega yakimtikisika, akajitahidi kurudisha uso wa kazi na akashindwa. Bi Somoe hakucheka. Alikaa wima kama aliyepewa cheo, akawatazama wale watoto sita mmojammoja, moyo umemjaa. Miaka minne ya kukaa juu kwenye mikorosho, na bado walikuwa wa bondeni.

Mlango wa nyuma ulifunguka, akaingia mwanamke kijana amebeba mtoto anayelia mpaka amekuwa mwekundu. Alikuwa Upendo, mke wa Emmanueli, mwalimu aliyekuwa kwenye likizo ya uzazi. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya ofisi. Mtoto wao Anold, miezi minne, hakulala mchana na hakulala usiku, na hiyo ndiyo ile sababu nyingine niliyosema.

"Nimesikia dirishani," alisema Upendo. "Shikamoo bibi. Naomba umjaribu na huyu."

Bi Somoe alimpokea Anold, akamtazama machoni, akavuta pumzi, akampayukia wimbo mzima. Anold alinyamaza kwa mshangao. Alitazama mdomo wa yule bibi mpaka ukamaliza. Kisha akalia mara mbili ya alivyokuwa akilia kwanza.

"Huyu ni wa Iringa," alisema Bi Somoe akimrudisha, bila haya. "Atazoea."

Emmanueli aliifunga simu. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imepoa. "Mama, nimekuamini. Ni wimbo wa mtoto. Lakini sielewi jambo moja. Kama kazi yake ni kumlaza Shamimu na kufukuza ndege, geukia huku kijijini uimbe. Kwa nini lazima uelekeze ng'ambo?"

Hapo wanawake wote waliacha kucheka, kwa sababu walijua.

"Kwa sababu ya Fatuma," alisema Bi Somoe. Akamweleza yote, miaka thelathini na minane, mtumbwi, mkungu wa ndizi, kimya cha asubuhi kumi na saba. "Mimi sina simu yake. Sina anwani yake. Kivuko kimefungwa. Nilicho nacho ni nusu ya wimbo, na yeye ana nusu. Yu hai au amekufa, nitajuaje isipokuwa hivyo?"

Emmanueli aligeuza kalamu mara kadhaa. "Siwezi kuacha hili liendelee kila siku, mama. Wakubwa wangu wakisikia, sina jibu. Nitakupa asubuhi moja. Kesho. Nitakuwepo mimi na askari wangu. Akijibu mtu na nikaridhika, nitaliandikia barua niliombee ruhusa. Asipojibu mtu, basi. Hutaita tena ukingoni, wala wewe wala mwingine. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," alisema Bi Somoe, kichwa juu.

Lakini njiani kurudi, wanawake walipotangulia, alimshika Ramadhani mkono kama walivyokuwa wakishikana utotoni. "Naogopa," alimwambia. "Siku zote hizi nilikuwa nasema, hajanijibu leo, atanijibu kesho. Sasa kesho nyingine hakuna. Akinyamaza, nitakuwa nimemzika Fatuma kwa mdomo wangu mwenyewe."

Ramadhani hakuuachia mkono ule. Alimsindikiza hadi mlangoni.

Asubuhi walikutana bondeni jua likiwa limepanda kiasi cha mtu kuona vizuri ng'ambo. Pale mto unapopinda maji yanajibana, na upande wa pili hauko mbali: ukimwona mtu utajua kama ni mwanamume au mwanamke, ila sura huioni. Bi Somoe alikuwa juu ya dungu, Shamimu mgongoni. Emmanueli alisimama chini kwenye tuta, amevaa magwanda yote na kofia, na askari wawili wenye bunduki kulia na kushoto kwake. Upendo naye alikuja, Anold kifuani, akisema nyumbani hakukaliki kwa kilio, heri alie shambani. Kijiji kizima kilijifanya kina kazi karibu na hapo.

Bi Somoe aliita. Jamani, siku ile aliita! Ndege waliondoka si shambani kwake tu, waliondoka bonde zima. Shamimu alilala kabla hajafika katikati. Nusu yake ilipoisha alinyamaza, na wote wakanyamaza naye.

Kimya.

Akaita mara ya pili, sauti ikakwaruza mwishoni. Matete ya ng'ambo yalitikisika, kama kuna mtu nyuma yake, kisha yakatulia. Akaita mara ya tatu. Kimya kilekile. Mwanamke mmoja alianza kufuta machozi kwa ncha ya kanga, na Emmanueli, aliyekuwa ameiinamia saa yake muda wote, alisogea karibu na ngazi ya dungu.

"Mama," alisema kwa upole, "nimesikitika."

Bi Somoe aligeuka kumjibu, na kutoka kule juu akawaona wote kwa pamoja, kama anavyowaona mtu aliye ng'ambo. Aliona magwanda. Aliona kofia. Aliona mitutu miwili ikimeta juani kwenye ukingo wa mpunga wake. Looo! Alijipiga paja.

"Emmanueli," aliita, bila bwana wala mkuu, kama anavyoitwa mtoto wa nyumbani. "Wewe ungekuwa Fatuma, umekaa miaka minne ukikimbizwa na wenye bunduki wa kila namna, kila mmoja anasema amekuja kwa wema, halafu kila asubuhi ukaona bunduki ukingoni, na leo haya hapa ninayoyaona mimi. Ungejibu?"

Emmanueli alitazama askari wake, kisha ng'ambo. "Nisingejibu," alisema.

"Basi waondoe. Waende kule juu kwenye minazi, wakae kitako. Na wewe vua hilo koti na hilo likofia, uje hapa juu."

"Mimi?"

"Anayeogopwa ni wewe. Ukijificha watasema umejificha. Njoo uonekane. Na umchukue mwanao."

Upendo alimkumbatia Anold kwa nguvu. "Bibi, hapana. Hatuwajui waliopo kule. Wakimpiga je? Mume wangu na mtoto wangu wote wawili, pale juu, kama shabaha?"

Lilikuwa neno la kweli, na Bi Somoe hakulidharau. Alishuka ngazi mbili, akainama usawa wa uso wa yule binti. "Mwanangu, na mimi pale nina Shamimu mgongoni. Nitasimama mbele yao. Kitakachowapata kitaanza na mimi, na mimi, kwa taarifa yako, sipitiki."

Upendo alimtazama mumewe. Emmanueli alikuwa anawaza, na ulikuwa unaona anawaza nini: wakubwa wake, barua, kazi. Pia alikuwa anawatazama wale wanawake sita wa jana, waliosimama pembeni wakimngoja aonyeshe yeye ni mtu wa namna gani. Akavua kofia. Akavua koti, akabaki na fulana nyeupe. Akawaashiria askari waende juu. Kisha akanyoosha mikono, na Upendo akamwekea mtoto.

Dungu lililia lilipopokea uzito wake. Bi Somoe alisimama mbele kidogo, mikono ameiacha wazi. "Haya," alisema, "ita."

"Niite mimi? Ita wewe, mama. Mimi siijui."

"Anayeita ni aliyemshika mtoto. Shamimu amekwisha kulala, zamu yake imepita. Wa kwako yuko macho, na anamshika baba yake. Nitakwambia neno moja moja, nawe upaze."

Basi Emmanueli wa Iringa, mkuu wa ulinzi, ambaye Kimakonde alikuwa hajui hata cha kuombea maji, akaanza kupayuka juu ya mpunga. Maneno aliyavunja yote. Alipanda pa kushuka na kushuka pa kupanda. Anold alikuwa akilia kwa sauti kuu kifuani mwake, na baba alilazimika kulia zaidi yake ili asikike. "Kwangu hajalala Anold! Mtoto wa Upendo! Amemshika Emmanueli! Kwako nani amelala, nani hajalala, nani amemshika?" Ndege wachache waliorudi walikwea juu wakapotea moja kwa moja.

Akanyamaza, jasho likimtiririka. Kilio cha Anold peke yake kikavuka maji.

Kilichojibu kwanza hakikuwa wimbo. Nyuma ya matete mtu alicheka. Alianza kama anayekohoa, akajizuia, akashindwa, na kicheko kikamtoka chote, kikapanda mpaka kikakatika pumzi kikaanza upya. Bi Somoe alishika nguzo ya dungu. Kicheko kile angekijua hata akiwa usingizini. Mtu aliyekimiliki aliwahi kukicheka msibani wakafukuzwa wote wawili.

"Ni yeye," alisema. "Ni yeye! Wallahi ni yeye!"

Matete yakafunguka. Alitoka mwanamke mfupi, mnene kidogo, amebeba mtoto mbeleni, akasimama wazi kabisa ukingoni. Akafuta macho. Kisha akaijaza nusu yake, na sauti ilikuwa imezeeka, imechanika, lakini mwendo ulikuwa uleule, na kila mtu wa bondeni aliusikia.

"Kwangu amelala Somoe! Mtoto wa Fatuma! Amemshika Fatuma!"

"Amesema nini?" Emmanueli alinong'ona. "Mama, amekutaja?"

Bi Somoe alitikisa kichwa. Alikuwa analia na hakujificha. "Amemtaja mjukuu wake," alisema. "Fatuma alibakiwa na mtoto mmoja tu, binti yake Zuhura, nilimpokea mimi kwa mikono hii. Kitoto kile ni cha Zuhura. Lakini hakumtaja Zuhura, amejitaja yeye ndiye mama. Katika wimbo huu marehemu hatajwi, mtoto asije akamtafuta ndotoni." Alivuta pumzi. "Zuhura amekufa. Na mtoto aliyeachwa amepewa jina langu."

Emmanueli alimshika Anold vizuri zaidi. Chini ya dungu wanawake walikuwa wamekwisha kuelewa, kwani wote walijua kanuni ya wimbo, na wengine walikaa chini kwenye tuta wakimlilia Zuhura, na wengine walikuwa wanapiga vigelegele, na wengine walifanya yote mawili. Upendo alikuwa amepanda nusu ya ngazi, ameshika mguu wa mumewe, hataki kuuachia.

"Nitaiandika hiyo barua leo," alisema Emmanueli. "Nitaandika nimesikia kwa masikio yangu. Nitaandika nimeimba."

"Andika umeimba vibaya," alisema Bi Somoe.

Alijifuta uso kwa kanga, akaweka kilemba sawa, akamsogeza Shamimu mgongoni. Ng'ambo Fatuma alikuwa bado amesimama, anangoja, amemwinua yule mtoto juu kidogo ili aonekane. Kwa kanuni wimbo ulikuwa umekwisha, hapakuwa na neno la kuongeza. Bi Somoe akajaza kifua na akamwita hivyohivyo bila wimbo, kwa sauti ambayo hakuna mrekodi angehitaji kuisogelea:

"Mlaze vizuri huyo, Fatuma! Umempa jina zito!"